Mwenye Kazi Hayumo Chumbani

Hotuba kwa vijana waliomaliza mafunzo ya kompyuta na wazazi wao, Mombasa. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Bwana Mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mlioacha shughuli zenu mchana huu, na nyinyi vijana ambao siku hii ni yenu: Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Niliombwa nije niwaeleze namna ya kufaulu mahojiano ya kazi. Namna ya kuvaa, ya kuketi, ya kujibu lile swali la "hebu tueleze habari zako". Hayo mmeshafundishwa, na walimu wenu wanayajua kunishinda. Mimi nimekuja na habari za yule aliyevaa vizuri, akajibu vizuri, akaandika programu ikafanya kazi, kisha akarudi nyumbani Kisauni akakaa na simu mkononi mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, na simu haikulia. Mwishowe akaanza kujitafuta kasoro. Huyo namjua, maana nimekuwa yeye. Na baadaye nikawa mimi ndiye nisiyempigia.

Juni 2009, waya wa intaneti wa TEAMS ulipofika pwani yetu kutoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, nilikuwa nakaribia kumaliza chuo. Mwezi uliofuata SEACOM nayo ikaanza kazi, na mwaka 2010 ikaja EASSy. Wadogo zangu, nyinyi hamkuona intaneti ya kabla ya hapo. Ilipitia setilaiti, ikajikokota, na bei yake haikushikika. Ghafla bahari hii hii tunayoitazama kila siku ikawa na nyaya chini yake, na tukaambiwa kwamba kazi za London na New York sasa zitafanyiwa Mombasa. Waliotuambia hawakuwa waongo. Mama yangu, aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi Majengo, aliniuliza jambo moja tu: "Huo waya unaleta kazi, au unaleta habari za kazi?" Nilimjibu upesi, kwa haraka ya ujana. Swali lake nimekaa nalo miaka yote hii.

Mwaka 2010 nilipigiwa simu Alhamisi jioni. Njoo Nairobi kesho, saa tatu asubuhi, kuna nafasi ya mwandishi wa programu. Wakati huo hakukuwa na treni ya SGR, hiyo ilianza 2017. Mama alitoa pesa za unga wa wiki nzima, nikapanda basi la usiku pale Mwembe Tayari, kilomita karibu 480, sikulala hata lepe. Nguo nilibadilishia chooni, stendi. Saa tatu nikawa mapokezi. Saa nne. Saa sita. Niliitwa saa saba na nusu mchana, na mahojiano yakachukua kama dakika kumi.

Yule bwana alikuwa akiusoma wasifu wangu kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu. Aliniuliza najua lugha gani za programu, nikataja Java na PHP, wala hakuuliza lolote juu yake. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi akasema: "Hapa umeandika uzoefu wa mwaka mmoja. Tukiandika mitano, una neno?" Nikamuuliza, mitano ya wapi? Akaniambia kwa upole kabisa kwamba ni karatasi ya mteja tu, haina madhara. Nikasema siwezi. Akasema, "Sawa, tutakupigia." Nikarudi Mombasa usiku ule ule.

Sikupigiwa. Na kilichoniumiza si kukosa kazi. Kwa miaka mitatu niliamini kwamba ningekubali ile mitano ningeajiriwa, na kwamba ukweli wangu ndio ulionikosesha. Mjini kote nilisikia "mtaka cha mvunguni sharti ainame", na nikadhani mimi ndiye niliyekataa kuinama.

Mwaka 2013 nikapata kazi kwa kampuni nyingine ya biashara ile ile, ya kuwafanyia wateja wa ng'ambo kazi za kompyuta, nikaonyeshwa jikoni. Siku moja nilipewa faili, nikaambiwa nisaidie kuandaa zabuni. Mteja alikuwa ng'ambo. Alitaka kampuni imwonyeshe watu wanane, majina na wasifu, kila mmoja na miaka yake ya uzoefu. Sisi tulikuwa na watatu. Wale watano walitafutwaje? Kwa tangazo la kazi. Watu wakaitwa, wakahojiwa, wasifu wao ukapangwa vizuri, ukatiwa kwenye zabuni. Zabuni ikaenda nchi nyingine. Wale watano hawakuambiwa kitu, kwa sababu kwa mujibu wa kampuni hakukuwa na cha kuwaambia. Kazi waliyoiomba haikuwahi kuwepo.

Hapo ndipo nilipoielewa ile safari yangu ya Nairobi. Ningekubali ile mitano, jina langu lingeingia zabuni likiwa na uongo juu yake, na mimi ningebaki pale pale Majengo.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana kama mtaondoka na jambo moja hapa leo, ningependa liwe hili. Nyote mnamjua dalali wa nyumba. Anakupeleka Bamburi, anakupeleka Tudor, anakuonyesha vyumba viwili na jiko, anakwambia ni vyako ukilipa. Lakini nyumba si yake. Ufunguo pengine kauazima kwa bawabu. Mwenye nyumba yuko Nairobi au Jeddah, na huenda asubuhi hiyo amempa mtu mwingine. Ukimjua dalali kuwa ni dalali, unazungumza naye vizuri: mwenyewe nani, amekubali bei, nitaonana naye lini. Ukimdhania ndiye mwenye nyumba, utakuja kulia.

Kampuni ya kandarasi za kompyuta ni dalali wa kazi. Silisemi hilo kwa kuitukana, udalali ni kazi halali na mji huu umeishi kwa udalali karne nyingi. Lakini anayekuhoji si mwenye kazi. Mwenye kazi yuko Marekani au Uingereza, ana bajeti yake na wakubwa wake, na wakati huo huo anazungumza na dalali mwingine India na mwingine Ufilipino. Ndiyo maana unahojiwa mara tatu kwa maswali yale yale. Ndiyo maana mshahara haujulikani, unaambiwa "inategemea". Inategemea mteja atalipa kiasi gani kwa saa yako, na dalali atabakisha kiasi gani. Ndiyo maana unaambiwa umefaulu, anza Jumatatu, halafu Jumapili usiku unatumiwa ujumbe kwamba mradi umeahirishwa. Na wengine wanaajiriwa kweli, wanakaa benchi mwezi mzima bila kazi ya kufanya, mteja akikawia wanaambiwa waende nyumbani.

Kijana akiyajua haya, ule ukimya baada ya mahojiano unakuwa na maana nyingine kabisa. Hauwezi kumwambia kwamba hafai. Hata habari zake pengine haukuwa nazo.

Lakini kuna mambo ambayo hayasamehewi kwa hoja ya udalali, na hapa nitasema wazi.

Binti mmoja niliyemfundisha aliulizwa kama yuko tayari kuvua hijabu akizungumza na wateja kwa video. Mwingine, aliyekuwa ameolewa miezi minne, aliulizwa anapanga kuzaa lini. Alijibu, masikini, kwa adabu zote, kama mtu anayeulizwa anwani yake. Wanangu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, lugha, kabila na mengine. Na inamtaja si mfanyakazi peke yake, inamtaja pia anayetafuta kuajiriwa. Yaani wewe, pale pale kwenye kiti, kabla hujapewa hata glasi ya maji. Tena mkifika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi ni wa mwajiri. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapa hapa Mombasa, huhitaji nauli ya Nairobi.

Lafudhi nayo. Wengi wenu mmeambiwa Kiingereza chenu ni cha Pwani sana. Kama kazi ni ya kupokea simu za wateja, mwajiri ana haki ya kutaka mtu anayeeleweka. Lakini nimeona mtu wa kutunza hifadhidata (database), ambaye hatazungumza na mteja mwaka mzima, akikataliwa kwa namna anavyotamka. Hilo sikubaliani nalo na sitakubaliana nalo.

Halafu kuna jaribio la nyumbani. Jaribio la saa moja au mbili ni la haki, kila fundi hupimwa. Fundi seremala naye hupewa ubao apige randa. Ila kijana mmoja wa Likoni alipewa jaribio la siku nne: atengeneze mfumo wa kuweka nafasi za hoteli, na malipo ya M-Pesa ndani yake, na ripoti za mwezi. Alinunua bando kwa mkopo. Umeme ulikatika siku ya tatu akavuka feri na kompyuta kifuani kwenda kumalizia kwa binamu yake. Alipotuma, hakujibiwa hata "tumepokea". Seremala akikutengenezea kabati zima, hilo si jaribio tena, na hakuna anayejua kabati lile liko nyumba gani sasa. Kwa hiyo ukipewa jaribio, uliza kwanza: litachukua saa ngapi, nitakachoandika ni mali ya nani, na mkikitumia mtanilipa? Weka kwa barua pepe. Akikasirika kwa maswali hayo, amekujibu.

Kuhusu mahojiano ya kurekodiwa, ambapo huoni mtu, unaona saa inayorudi nyuma na uso wako mwenyewe, nitapita haraka. Siyapendi. Mkikutana nayo, fanyieni mahali penye umeme wa uhakika, basi.

La saa za kazi ndilo limewaponza wengi, kwa sababu halisemwi mpaka mkataba uko mezani. Tangazo linasema "saa za kawaida za ofisi". Ofisi ya wapi? New York iko nyuma yetu kwa saa saba wakati wa joto lao na nane wakati wa baridi. Saa tatu yao ya asubuhi wakati wa baridi ni saa kumi na moja jioni hapa, na wanapofunga ofisi, hapa ni saa saba usiku. California ni mbali zaidi: wakati wa baridi, zamu kamili ikianza saa tatu yao ya asubuhi, wewe unaanza saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri. Mwezi wa Ramadhani hiyo ni taraweh yako na daku yako. Wapo wanaoiweza zamu hiyo na kuipenda. Lakini mama wa mtoto mchanga anayeishi ng'ambo ya feri ana haki ya kujua kabla hajaacha kazi aliyonayo. Waambieni wakutajieni saa kwa saa za Mombasa.

Na kuna kufichwa kazi yenyewe. Mwaka 2022 kijana wa Afrika Kusini, Daniel Motaung, aliwashtaki Meta, wenye Facebook, mahakamani Nairobi, pamoja na kampuni ya Sama, iliyokuwa ikiwafanyia kazi ya kuchuja picha na maandishi mabaya. Miongoni mwa madai yake ni kwamba alipoajiriwa hakuelezwa kazi ile ni ya namna gani, na kwamba yale aliyolazimika kuyatazama yalimdhuru akili. Meta ilisema mahakama za Kenya hazina uwezo juu yake. Februari 2023 mahakama ya ajira ikasema inaweza kushtakiwa hapa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubali hivyo. Mimi si wakili, wala siwaelezi kesi hiyo itaishaje. Naitaja kwa sababu jambo la mwenye kazi asiyekuwemo chumbani limefika mbele ya majaji wakubwa wa nchi hii, na hawakulipuuza.

Jingine dogo lenye gharama. Kuna wanaowaambia mje mahojiano na cheti cha tabia njema, cha kodi, cha mikopo, vyote. Cheti cha tabia njema peke yake ni shilingi 1,050, na foleni ya alama za vidole, na nauli. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri hatakiwi kudai vyeti hivyo mpaka awe amekusudia kuandikiana mkataba nawe. Kwa hiyo jibu lenu ni rahisi na la adabu: nipeni barua ya ahadi ya kazi, vyeti nitavileta. Na mtu akikwambia umtumie pesa ili mahojiano yako "yashughulikiwe", huyo hata dalali si dalali. Mkatie simu.

Wazazi wangu, na nyinyi naomba niwaambie. Mtoto akirudi kutoka mahojiano, msimuulize "umepata?" Muulizeni walikuuliza nini, nawe uliwauliza nini. Muulizeni kama kazi ipo tayari au bado inatafutwa, na kama mteja ameshatia saini. Mama yangu hakujua kompyuta ni nini, lakini lile swali lake la waya ndilo ambalo ningepaswa kumuuliza yule bwana wa Nairobi: unayo kazi, au unazo habari za kazi? Niliwahi kumfundisha kijana aliulize swali hilo kwa maneno yake mwenyewe. Aliuliza: "Je, nafasi hii imeshalipiwa na mteja au mnaiandalia zabuni?" Mhojaji akanyamaza kidogo, kisha akamwambia ukweli, ni zabuni, majibu baada ya miezi mitatu. Kijana akashukuru, akaendelea na kazi yake ya kutengeneza simu Kongowea, hakupoteza usingizi hata siku moja. Zabuni ile walishinda, akaitwa, anafanya kazi huko mpaka leo.

Sasa lililobaki ni langu.

Mwaka 2018 nilikuwa upande wa pili wa meza, hapa Mombasa. Mteja alitaka timu ya watu sita. Tulihoji wengi, nikabaki na kumi na mmoja ambao yeyote kati yao ningemchukua. Niliwaambia wote, kwa mdomo wangu, "tutawasiliana wiki ijayo." Wiki ijayo mteja akabadili nia. Nikamuuliza mkubwa wangu, tuwaambie? Akasema tusiwaambie, mteja anaweza kurudi, tusije tukawapoteza watu. Ilikuwa hoja ya biashara na niliielewa. Nikanyamaza. Mteja hakurudi, nami nikaendelea kunyamaza, kwa sababu kadiri siku zilivyopita ndivyo nilivyoona aibu kuanza.

Baada ya miezi kama minane nilikuwa Marikiti nanunua nazi. Kijana aliyebeba gunia la vitunguu akasimama, akalitua, akanisalimia kwa heshima. Akasema, "Dada, samahani, yale majibu yetu yalikuwaje?" Hakuwa na hasira. Alikuwa bado anangoja. Nilipomwambia kazi ile ilikufa ndani ya wiki moja, alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo sikufeli?" Nikamwambia, hukufeli, ulikuwa wa pili. Akalipandisha gunia lake begani akaenda.

Miezi minane alibeba kufeli ambako hakukuwepo. Sentensi tatu zingemtua. Ahadi ni deni, na lile lilikuwa deni langu, halikuwa la mteja wa ng'ambo.

Naona hapa mbele mmekaa wenye kampuni, wengine ni rafiki zangu. Sitawaomba mumwajiri kila mtu. Nawaomba mambo mawili. Tangazo likiwa ni la kuandaa zabuni, liandikeni hivyo, watu watakuja tu, vijana wa mji huu hawaogopi kungoja wakijua wanangoja nini. Na yule mliyemhoji, mwandikieni. "Tumekuhoji tarehe fulani. Kazi haikupatikana. Wasifu wako tutaufuta, au ukiruhusu tutauhifadhi." Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki juu ya taarifa zake hata hivyo. Mkiandika mara moja, mnaweza kuwatumia wote kumi na mmoja kabla chai haijapoa.

Mimi wangu nimeanza kuwatafuta mwaka huu. Nilikuwa nimehifadhi daftari. Saba nimewapata, nimewaandikia kila mmoja barua yake, nikamweleza kilichotokea na nafasi aliyokuwa ameshika. Wanne namba zao hazipatikani tena. Kama wewe, au ndugu yako, au jirani yako, aliitwa mahojiano mwaka 2018 ghorofa ya tatu kwenye Barabara ya Moi, akapewa karatasi achore hifadhidata ya ghala la chai, akaambiwa na mwanamke mwenye miwani kwamba atasikia wiki ijayo, basi mwanamke yule ni mimi. Nitakuwa pale mlangoni mpaka magharibi, na daftari ninalo mkononi. Njoo uniambie jina lako.